Misumari ya Ukuta wa Upande wa Mvua

Mwanangu Moraa,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali ya aliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Umekwenda Ekerenyo kumuaga bibi yako, mvua ya alasiri imekukamata huko, nami nimepata nafasi ya kukaa mezani bila mtu wa kunichungulia begani. Kwa hiyo sikuulizi hali. Najua ulichokula asubuhi, na najua ni soksi ipi unayoificha kwa sababu ina tundu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na si kwa kujidai. Unajua nilikulia Nakuru kwenye nyumba za askari, babu yako mzaa mama alipokuwa polisi, na Kiswahili ndicho nilichofundishwa kusoma. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Shangazi yako anasoma Ekegusii vizuri sana, hata barua zisizo zake, ila Kiswahili kinamshinda. Tangu nishike kalamu amepita hapa mara kadhaa akitafuta chumvi, na chumvi yenyewe ameishika mkononi.

Sitakuambia ufue nguo siku gani wala uamke saa ngapi. Mtu aliyepewa darasa la watoto afundishe hahitaji mamake amkumbushe kunawa uso. Nina jambo moja tu, nalo nimelizunguka wiki mbili sasa kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Nyumba unayokwenda kukaa kesho kule skimu, kwenye mashamba ya walowezi yaliyogawanywa, ni ya Bosibori, mke wa baba yako mkubwa. Wewe unamjua kama mama mkubwa aliyehama kufuata shamba kubwa. Ndivyo tulivyokuambia. Ukweli ni kwamba walihama kwa sababu yangu. Nilimwita mchawi mbele za watu, hapa hapa uani petu, wewe ukiwa hujaanza shule. Sasa kesho utalala chini ya paa lake na utakula chakula alichokipika yeye. Siku zote hizi nimeshindwa kujua kama niogope kwa ajili yako au nione haya kwa ajili yangu. Nafanya yote mawili, na nimechoka.

Heri uwe na habari hii kwa maneno yangu pia, si ya kule tu. Atakusimulia yeye, au watakusimulia majirani zake, na sijui watakavyoipindua. Ngoja nikueleze nilivyoipindua mimi.

Nyumba hii tuliijenga baada ya uhuru, majani chai yalipoanza kutufaa. Baba yako alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya Kericho na alikuja mwisho wa mwezi. Kuta zilikuwa za udongo, juu tukaweka mabati, na watu wakasema tumeendelea. Lakini mvua ya hapa unaijua. Inakuja alasiri, inatoka upande wa Gesima, na inapiga ukuta ule mmoja tu, ule wa nyuma ya kitanda chako. Udongo ulimomonyoka mpaka fito zikatoka nje. Tunakandika, mvua inabomoa, tunakandika tena. Nikamwambia baba yako tupige mabati ukuta ule wote kwa nje, kutoka karibu na ardhi hadi chini ya paa. Watu walicheka sana. Walisema mabati ni ya kichwa cha nyumba, huyu wa Nakuru anataka kuivalisha nyumba koti.

Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa ziwani aliyeishi sokoni Ikonge, jina lake Ochieng. Mtu wa maneno mengi, na alikuja kazini na shati jeupe. Mtu anayepiga misumari kwenye ukuta wa matope na shati jeupe! Hilo peke yake lilitosha kunifanya nimtilie shaka.

“Mama, mimi nimepigia watu mabati mpaka Sondu,” aliniambia. “Hakuna hata mmoja amewahi kuniita nirudi.”

“Labda walikufa,” nikamwambia.

Alicheka, mimi sikucheka. Nilileta kigoda nikakaa pale pale nimwone mikono. Wewe ulikuwa umelala mgongoni mwangu.

Alianzia kona iliyo mbali na mvua akija nayo kuelekea inakotoka, ili kila bati linalofuata lilalie lile lililotangulia na upepo usipate pa kuingiza maji. Hapo sikuwa na neno. Chini aliacha nafasi kati ya bati na ardhi, akasema likigusa udongo mbichi litaoza. Hapo pia nikanyamaza, ingawa niliona ni njia ya panya. Lakini alipofika kwenye misumari ndipo nilipokosa amani. Alikuwa anatoboa tundu kwanza kwa msumari mnene, kwenye mgongo wa wimbi la bati, halafu anautoa na kuingiza mwembamba zaidi. Chini ya kichwa cha msumari ameweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Anapiga polepole, na kichwa kikishagusa mpira anaacha. Nikashika bati nikalisukuma. Lilisogea.

“Fundi, hii umesahau kumaliza.”

“Nimemaliza, mama.”

“Na mbona inatingika?”

“Hiyo ni sawa. Bati si mti. Jua ikiwaka inanyooka, baridi ikikuja inarudi. Ukifunga yeye kabisa atakataa. Mwachie nafasi.”

“Nafasi ya nini? Ya mwizi kuingiza mkono?”

“Wewe mama, unaona mimi kama mwizi?”

“Sijasema wewe. Nimesema mwizi.”

Siku zile mabati yalikuwa yanang'olewa kwenye nyumba za watu usiku, wenyewe wakiwa wamelala ndani. Mtu anatoboa tundu kubwa kuliko msumari, anaupiga nusunusu, halafu ananiambia bati linataka nafasi. Nilijiambia huyu anajitengenezea njia ya kurudi. Kila alipopigilia nilimwambia kaza, naye akakataa, nami nikasema tena kaza. Mwisho akanichoka. Akanyoosha nyundo kwangu akasema, “Basi shika, mama, kazi iwe yako.” Alisema kwa utani, maana hapo hapo aliirudisha akaendelea kwa njia yake mpaka akamaliza.

Mimi sikuuchukua kama utani. Alipokwisha kwenda nilitafuta nyundo ya baba yako, nikapita ukuta mzima nikipiga kila msumari mpaka mpira ukapasuka na bati likabonyea kuzunguka kichwa. Halafu nikaongeza misumari yangu, hiyo ya kawaida ya mbao, nikaipiga kwenye mabonde ya bati, bila mpira, bila kutoboa kwanza. Nilipolisukuma halikusogea hata kidogo. Mkono uliniuma, lakini nilifurahi sana, Moraa. Nilijiona mwanamke asiyedanganyika.

Sasa nije kwa Bosibori.

Unajua kwetu mwanamke hakandiki nyumba yake peke yake. Wake wote wa boma wanakuja, wanakanyaga udongo na mavi ya ng'ombe, kila mmoja anachukua sehemu yake ya ukuta. Bosibori alikuwa amekandika sehemu ya chini ya ukuta ule kabla ya mabati kupigwa. Kisha siku ya pili baada ya Ochieng kumaliza, nikamwona amerudi peke yake na sufuria ya udongo. Alipiga magoti kwenye kona, akaingiza mkono nyuma ya bati mpaka begani, akautoa, akachota udongo mwingine, akauingiza tena. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Nilimtazama kutoka dirishani bila kumwita. Mtu mwingine angetoka na kumpa maji ya kunawa. Mimi nilijiuliza mkono ule umeacha nini huko.

Nilikuwa na sababu zangu, au niliziita sababu. Nyumba yao ilikuwa bado ya nyasi. Alikuwa amezika mtoto mwaka uliotangulia, mimi nina wewe, mnene, unacheka na kila mtu. Na siku mabati yalipofika alisema mbele ya watu, “Nyumba yako itang'aa mpaka ng'ombe wangu waiogope.” Wote walicheka. Neno hilo nililala nalo. Kwa nini ataje ng'ombe? Kwa nini aseme kuogopa? Ukitaka kumshuku mtu, Moraa, hata salamu yake inakutosha.

Haukupita muda ukuta ukaanza kulia. Tak! Jua linapolipata bati asubuhi, tak, tak. Jioni likizama, tena. Wakati mwingine sauti inakimbia kutoka kona hadi kona kama mtu anayegonga kwa kidole akipita. Ilikuwa nyuma ya kitanda chako kabisa. Wewe ulikuwa unashtuka, unanitazama. Kisha ukaanza kukohoa. Kifua kikawa kinapiga filimbi, ukaacha kula, ukawa mwepesi mikononi mwangu hata nikaogopa kukubeba.

Baba yako hakuwepo. Nami ni mtu wa Sabato, mwanamke anayeimba mbele kanisani, nikaenda kumtafuta omoriori. Hujawahi kumwona, na nashukuru. Ni mtu anayeitwa kunusa uchawi uliofichwa nyumbani kwa mtu, kwenye nyasi za paa au ndani ya ukuta, na kuufukua watu wakiona. Nilimtoa mbali ili habari isifike kwa mzee wa kanisa. Ilifika kabla yake. Njiani, kwa hofu yangu, nilimweleza yote: sauti, kikohozi, ukuta, mkono ulioingia kwenye kona. Yaani kila kitu alichokuja kukigundua nilikuwa nimeshamwambia kwa mdomo wangu.

Alizunguka nyumba akivuta pumzi. Alinusa jikoni, akatikisa kichwa. Alinusa mlangoni, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye kona ile alianza kutetemeka, na watu waliokuwa wamejaa uani wakarudi nyuma. Alilibandua bati la mwisho kwa panga, akaingiza mkono, akatoa kifurushi. Kitambaa kichafu, nywele, kitu kama kipande cha mfupa. Alikuwa amevaa koti refu la mikono mipana, siku ya jua kali. Mimi, niliyemshuku fundi kwa shati jeupe, lile koti sikuliona.

“Nani aliingiza mkono hapa?” aliuliza.

Bosibori alikuwa ametoka shambani kwa kusikia kelele, jembe bado liko mkononi. Macho yote yalimgeukia kwa sababu macho yangu yalimgeukia.

“Mama Moraa, ni mimi unanitazama hivyo?”

“Nani mwingine aliingiza mkono?”

“Niliziba tundu. Upepo ulikuwa unaingia pale kwa kitanda ya mtoto. Niliusikia ukivuma nikipita.”

“Na nani alikutuma?”

“Mtu hutumwa kuziba tundu?”

Hapo ndipo nilipolitamka lile neno. Omorogi, mchawi. Nililitamka kwa sauti ya kuimbia. Aliweka jembe chini taratibu, akalitazama, akaliokota tena, akaenda zake. Nikawaambia watu mmeona, hana jibu.

Hawakumpiga. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, maana wengine wamepigwa, na wengine wamefanyiwa mabaya zaidi, kwa kifurushi kama kile. Walimfanyia yale ambayo watu wapole hufanya. Wanawake walibadilisha saa ya kwenda mtoni. Watoto wake walipokuja kucheza, wenzao waliitwa ndani. Alipika uji siku ya kuvuna nafaka ya wimbi, kama desturi, na ukabaki kwenye chungu mpaka ukachacha. Mimi niliuona ule uji. Baba yako mkubwa alikuwa amekataa kabisa habari za skimu, alisema hawezi kuacha makaburi ya wazee. Kabla ya mvua ndefu alikuwa amekubali, wakapakia vitu vyao. Hakuna aliyeuliza alibadilishwa mawazo na nini.

Nawe ulikuwa bado unakohoa. Na ukuta ulikuwa bado unalia.

Hilo ndilo lililonitia wazimu. Kifurushi kimetolewa, kimechomwa, mwenyewe amehama, na bado jua likichomoza, tak. Unafikiri nilijiuliza kama nimekosea? Nilijiuliza ni nani mwingine. Nilimfikiria bibi yako, huyo huyo uliyekwenda kumuaga leo. Nilimfikiria mama mmoja wa kanisani aliyekushika mashavu. Nilimfikiria hata Ochieng, kwamba aliupiga ukuta dawa za kwao. Nikitoka nje nilihesabu waliobaki.

Baba yako aliporudi alikuta watu wanamweleza habari njiani kabla hajafika nyumbani. Hakunipigia kelele. Unamjua. Alikubeba hadi zahanati, na yule daktari mdogo akakuchoma sindano, akauliza kama mahali unapolala pana unyevunyevu. Baba yako akarudi, akaweka kiganja chake ukutani nyuma ya kitanda chako, kikatoka kimelowa. Akakuhamishia chumba cha mbele. Kisha akalirudisha lile bati lililobanduliwa kwa panga. Hakuwa na misumari ya kutosha, aliliegesha tu kwa michache, na kwa kuwa si fundi hakujua kuikaza. Akaenda Kericho bila kuniambia neno zaidi ya kwaheri. Ulianza kula.

Ilikuwa asubuhi moja baada ya mvua. Nilikuwa nimeanika wimbi nyuma ya nyumba, nimeinama, mkono mmoja nimeuegemeza kwenye bati ili nisiteleze. Jua likatoka ghafla. Nikasikia bati linapata moto chini ya kiganja, linajivuta, linataka kwenda mahali, halipati njia. Kisha tak! pale pale kiganjani mwangu. Niliruka. Nikarudisha mkono. Tak tena, kwenye msumari wangu, ule niliouongeza mwenyewe bondeni, bila mpira.

Nilienda kwenye bati la baba yako, lile bovu, lililoegeshwa. Nikakaa karibu nalo asubuhi yote, wimbi likaliwa na kuku. Halikutoa sauti hata moja.

Niliichukua nyundo ile ile nikaanza kung'oa. Misumari yangu ilitoka ikiwa na kutu, na kila mahali palipotoka palikuwa na tundu lililopasuka, na chini ya tundu udongo ulikuwa mweusi na laini kama uji. Maji yalikuwa yanaingia kwa misumari yangu, Moraa. Yalikuwa yanashuka ndani ya ukuta hadi kitandani kwako. Sikulogewa mtoto. Niliyemlowesha mpaka akaugua ni mimi, nikamtia mwenzangu hatiani.

Nilipanua matundu, nikakata tyubu, nikapigilia upya kama nilivyomwona Ochieng akifanya. Yale matundu ya mabondeni niliyaziba kwa lami niliyoomba kwa watu wa barabara. Ilinichukua muda mrefu kwa sababu mkono ulikuwa unakataa kuacha. Kila msumari ukigusa mpira mkono unataka kuongeza pigo moja tu la usalama. Mpaka leo nikishika nyundo nausikia mkono wangu ukitaka hilo pigo.

Ukuta ukanyamaza. Nikadhani nitafurahi, lakini nililia siku hiyo kuliko siku zote ulizokuwa mgonjwa.

Sasa utaniuliza, kama mwalimu anavyouliza, basi kwa nini hukwenda kumwomba msamaha? Ningeweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo. Nitakujibu ukweli na utanidharau kidogo. Nilianza kufikiri: sawa, sauti ni ya misumari. Na unyevu ni wa misumari. Lakini kifurushi je? Wakati huo nilishajua kilitoka kwenye mkono wa lile koti, nilishalikumbuka na kulifikiria vya kutosha. Lakini shaka ikimzoea mtu haiondoki kwa kuonyeshwa kosa lake. Inasogea tu hatua moja, inakaa pengine. Nikajiambia, huenda aliyekuja na koti ni mwongo, na huenda pia mwanamke naye aliweka kitu. Ilikuwa rahisi kwangu kumwachia nusu ya uchawi kuliko kumrudishia jina lake lote.

Na kuna jambo baya zaidi. Babu yako mzaa baba alipofariki walikuja wote kutoka skimu kumzika. Ulikuwa darasa la tano, utakumbuka mvua ya siku ile. Bosibori alifika akafunga kanga kiunoni na kwenda moja kwa moja kwenye moto, akapika pamoja na wengine. Miaka ilikuwa imepita na watu wamesahau au wamechoka kukumbuka. Walikula. Alikuja akanishikia sahani yangu, mimi mwenyewe, akasema, “Mama Moraa, kula, utaanguka.” Nilikuwa nimeshajua, Moraa. Ukuta ulikuwa umeshanyamaza miaka. Nikamwambia tumbo linaniuma. Akaitazama sahani kama alivyolitazama lile jembe, akampa mtoto aliyekuwa karibu. Mtoto akala akaomba tena.

Basi ulipopata kazi ya kufundisha kule skimu na ukakosa pa kukaa, baba yako alimwandikia kaka yake bila kuniuliza. Jibu lilikuja kwa mdomo, na mtu aliyelileta alisema Bosibori hata hakuacha kupepeta mahindi. Alisema, “Aje. Mtoto hakunikosea.” Basi.

Umeniona wiki hizi mbili nikizungumza peke yangu. Nilikuwa na maneno hayo. Aje. Kwa nini aseme haraka hivyo? Mtu niliyemfanyia vile anamtaka mtoto wangu kwake wa nini? Anataka nini kwako? Anataka akuambie habari zangu? Anataka watu wa huku waone? Au anataka kunionyesha kwamba yeye ni bora kuliko mimi, kila siku, kwa kila sahani atakayokupa? Nilitafuta namna ya kukuzuia. Nilimwambia baba yako kule kuna baridi. Nilimwambia shule ile iko mbali na barabara. Akasema, “Mama Moraa, sema neno lenyewe.” Sikuweza kulisema.

Sikuambii umwamini kila mtu. Mimi si wa kufundisha hilo, na shangazi yako sasa amekaa kabisa mlangoni, anachambua mboga ambayo ilishachambuliwa. Watu wengine wanastahili kutazamwa mikono. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichofanya mimi: nilisikia kitu kinagonga, nikataja mtu kabla sijaweka kiganja ukutani. Kiganja kingenitosha. Wewe una kiganja kizuri kuliko changu, huwa nakiona unavyowapima watoto wa jirani homa.

Mvua imepungua na utafika sasa hivi, kwa hiyo nikuambie lililobaki. Unadhani kesho nakusindikiza hadi kwenye basi Ikonge tu. Nitapanda nawe. Nimemwambia baba yako leo asubuhi, naye akaenda akanipigia viatu rangi. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako, uisome nikiwa nimesharudi, kwa hiyo utakapofika hapa utakuwa unajua jambo ambalo mimi ninapoandika silijui.

Nitaingia uani kwake mchana, majirani wakiwa macho, maana niliyoyasema sikuyasema kwa siri. Nitasema niliongopa, kwa sauti ile ile ya kuimbia. Kisha sitamwomba aniambie yamekwisha, kwa sababu hilo ni lake na anaweza kukaa nalo atakavyo. Nitakaa chini karibu na moto wake, wewe ukiniona, nitamwambia, “Bosibori, nina njaa. Nipe chakula.”

Nisikufiche: macho yangu yataitazama ile sahani kabla ya mkono. Najijua. Wengine watasema nimekuja kuonja kama chakula kina sumu kabla sijamwacha mtoto, na sitaweza kuapa kwamba ni uongo mtupu. Lakini nitakula mpaka niimalize.

Na kama alininyima, kama ulimwona akinigeuzia mgongo nikarudi kwenye basi na njaa yangu, usimkasirikie mama yako mkubwa hata siku moja. Baki hapo kwake. Akikupakulia, kula.

Ni mimi niliyekuzaa,
Kemunto